Fishi za Kasongo: utafiti uliofanyika kwetu na unaotuhusu mpaka leo

Tuanze na mambo unayoyajua. Mama mmoja wa kijiji cha ndani, upande wa Kabambare, yuko na mimba ya nne. Tatu za kwanza alizaa vizuri. Safari hii alienda CPN, muuguzi akampima, akamwambia kila kitu kiko sawa. Watu wa nyumba wakakaa na amani. Uchungu ukaanza jioni. Usiku wa manane mtoto hatoki. Asubuhi ndipo watu wanaanza kutafuta pikipiki, wengine wanakata miti ya kutengeneza kipoyi, wengine wanazunguka wakiuliza nani yuko na franka. Na kama ni kipindi cha mvua, unajua mwenyewe barabara zetu.

Mama huyu ni mfano tu. Lakini mtu wa kusini mwa Maniema hakosi jina la kumpa. Na kila mara familia inabaki na swali moja: «Mbona walituambia kila kitu kiko sawa?»

Swali hilo lilishapata jibu zamani. Lilijibiwa hapa hapa Kasongo, zaidi ya miaka 40 iliyopita, na jibu lake likazunguka dunia mpaka likageuza namna ya kulinda akina mama katika inchi nyingi. Wanafunzi wa udaktari wa mbali wanalisoma jina la Kasongo katika vitabu vyao. Sisi wenye Kasongo ndio tunakosa kuisikia habari hiyo. Ndiyo maana leo tunairudisha nyumbani.

Mwaka wa 1971

Mwaka wa 1971, inchi ilipokuwa inabadilisha jina kuitwa Zaire, na Maniema ikiwa bado ndani ya Kivu, kazi moja ilianzishwa Kasongo kati ya serikali na Taasisi ya Utabibu wa Inchi za Joto ya Antwerpen, Ubelgiji, ile ambayo wazee wetu waliita ya Anvers. Kazi ile ikajulikana kwa jina la Mradi wa Kasongo. Kule Antwerpen, maprofesa Pierre Mercenier na Harrie Van Balen ndio waliongoza mawazo yake. Hapa kulikuwa na timu ya madaktari na wauguzi, Wakongomani na Wabelgiji.

Wakati ule, utabibu mwingi wa vijijini ulifuata njia mbili. Ya kwanza, hospitali moja kubwa, mwenye kuweza kufika anafika, asiyeweza anabaki. Ya pili, magari ya kampeni: leo ni malale, kesho ni ndui, kesho kutwa ni ukoma; wanapita, wanachoma sindano, wanaenda. Homa ya mtoto usiku wa Jumanne, siku ambayo gari haliko, haikuwa na mtu wa kuishughulikia.

Timu ya Kasongo ikauliza swali jepesi kulitamka lakini gumu kulitenda: tukiweka sentre ya afya karibu na watu, yenye muuguzi mmoja anayeweza kushughulikia karibu kila jambo, mgonjwa, mama mwenye mimba, mtoto wa kupimwa, chanjo, yote chini ya paa moja, na hospitali ikabaki nyuma yake kwa mambo makubwa, je, inawezekana? Inasaidia kweli? Inagharimu nini? Na tutajuaje kama inasaidia?

Swali la mwisho ndilo lilifanya Kasongo iwe mahali pa utafiti.

Utafiti bila maabara

Tukisikia neno «utafiti», wengi wetu tunaona darubini, chupa na watu wenye makoti meupe. Utafiti wa matibabu ya msingi ni kitu kingine. Vyombo vyake ni rejista, fishi, kalamu, na muuguzi anayeandika kila siku bila kuchoka.

Ulaya nako ilianza vivyo hivyo. Kule Uingereza, daktari mmoja wa vijijini aitwaye William Pickles alikuwa anahudumia bonde la Wensleydale, akiandika kila siku nani ameugua nini na amekutana na nani. Kwa sababu vijiji vilikuwa vidogo na watu walijuana, aliweza kufuata ugonjwa kutoka nyumba hadi nyumba na kujua unakaa siku ngapi mwilini kabla ya kujionyesha. Mwaka wa 1939 akatoa kitabu. Mambo yale hospitali kubwa za London hazikuweza kuyaona, maana pale mgonjwa anakuja kama mgeni na anaenda kama mgeni.

Kasongo ilikuwa na nafasi kama hiyo. Fishi ya mgonjwa ilibaki sentre. Mtu akirudi baada ya mwezi, muuguzi anaona alikuja na nini mara ya kwanza, alipewa dawa gani, watoto wake wamechanjwa ama bado. Wauguzi walikuwa na maagizo yaliyoandikwa hatua kwa hatua: ukiona hivi, uliza hivi, ukipata hivi, fanya hivi, likikushinda, tuma hospitali. Kwa kuwa wote walifuata njia moja na wote waliandika, zile karatasi zikaweza kuhesabiwa na kulinganishwa.

Matokeo yakaanza kuchapishwa katika magazeti ya utabibu ya dunia. Chini ya kazi mingi waliandika jina moja tu, la timu nzima: Timu ya Mradi wa Kasongo. Jina la mji wetu likawa ndilo jina la mwandishi.

Ngazi mbili, na umbali

Mwaka ule ule wa 1971, daktari mmoja wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika jambo ambalo mtu wa Saramabila ama wa Lusangi angelielewa bila kufasiriwa: mahali watu wanahitaji matibabu zaidi, ndipo matibabu mazuri yanapungua zaidi. Aliita jambo hilo sheria ya utunzaji uliopinduka. Yeye aliona wachimba migodi wagonjwa na madaktari wachache. Sisi tunaona kijiji kilicho siku mbili kwa miguu kutoka hospitali.

Kasongo ilipima kitu hicho kwa rejista. Mwaka wa 1988, Wim Van Lerberghe na daktari Mkongomani, Kasa Asila Pangu, walichapisha kazi juu ya vitanda vya hospitali: nani anavilalia, anatoka wapi, anaugua nini. Walilinganisha watu waliokuwa na sentre karibu na wale wasiokuwa nayo. Walichoonyesha ni kwamba sentre za kijijini zinabadilisha sura ya hospitali. Magonjwa ambayo muuguzi anaweza kuyatibu mapema hayafiki kujaza vitanda, na hospitali inapata nafasi ya kufanya kazi yake yenyewe.

Tuliweke kwa lugha ya nyumbani. Malaria ya mtoto ikitibiwa siku ya kwanza pale sentre, inaisha kwa vidonge. Ikingoja siku tano, inakuwa degedege, upungufu wa damu, kuongezewa damu, kitanda cha hospitali, na mbuzi aliyeuzwa. Mtoto ni yule yule na ugonjwa ni ule ule, lakini sasa gharama inapanda na mtoto yuko karibu na kufa.

Mwaka huo huo Pangu alitetea tezi yake ya udaktari kule Chuo Kikuu Huria cha Brussels juu ya kupanga na kujenga sentre za afya katika zoni ya Kasongo. Kichwa chake kilisema kwamba afya kwa wote kabla ya mwaka 2000 inawezekana. Leo tunasoma maneno yale na tunasikia uchungu kidogo. Lakini tuzingatie: yeye alikuwa anasema juu ya kazi ambayo alikuwa amekwisha kuiona ikifanyika.

Nani atakwama wakati wa kuzaa?

Turudi kwa yule mama wetu.

Katika miaka ya 1970 na 1980, mawazo ya wataalamu wengi wa dunia yalikuwa haya: hatuna madaktari wa kutosha, kwa hiyo tuwachambue akina mama. Pale CPN tuwapime urefu, tuwaulize walizaa mara ngapi na namna gani, halafu tuwatenge wenye hatari. Wale watumwe hospitali. Waliobaki wazae kijijini bila wasiwasi. Ni wazo zuri. Linaonekana lina akili na halimalizi franka mingi.

Timu ya Kasongo haikulikubali bila kulipima. Walichukua rekodi za akina mama zaidi ya 3,000 waliofuatwa katika mimba zao, wakaangalia: wale tuliosema wako hatarini, ni wangapi walikwama kweli? Na wale waliokwama, ni wangapi tulikuwa tumewaona mapema? Matokeo yakachapishwa mwaka wa 1984. Tuyasome polepole.

Kati ya akina mama waliokwama wakati wa kuzaa, asilimia 71 hawakuwa wametabiriwa kwa historia ya uzazi wao. Maana yake, kati ya 100 waliopata shida, 71 walikuwa kama yule mama wetu wa Kabambare: hakuna alama, hakuna onyo, kila kitu kiko sawa.

Na kati ya wale walioandikwa kwamba wako hatarini, asilimia 90 hawakukwama. Maana yake, kati ya 100 walioambiwa «enda hospitali, wewe una hatari», 90 wangezaa bila kukwama.

Sasa weka pande hizo mbili pamoja. Mama aliyetumwa safari ndefu, akaacha watoto na shamba, akatoa franka, akazaa vizuri, atarudi kijijini kusema kwamba wanganga walimsumbua bure. Jirani yake akitumwa mwaka unaofuata, hataenda. Na wakati huohuo yule ambaye hakutumwa ndiye anakwama usiku. Uchambuzi ule ulikuwa unawachosha walio wengi na kuwapita waliohitaji.

Hesabu hizo za Kasongo hazikukaa Kasongo. Mkutano wa dunia juu ya uzazi salama ulifanyika Nairobi mwaka wa 1987, na kila mtu alikuwa anatafuta njia. Mwaka wa 1991, mtafiti Deborah Maine wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alizichukua hesabu za Kasongo kuonyesha kwamba kutabiri peke yake hakutaokoa akina mama. Mawazo ya dunia yakaanza kugeuka. Mwaka wa 1997 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakatoa mwongozo unaoweka nguvu mahali pengine: karibu mimba 15 kati ya 100 hupata shida kubwa, huwezi kujua ni zipi, kwa hiyo kila mama lazima awe na njia ya kufika haraka mahali pa kumsaidia, penye damu, penye dawa, penye mtu anayeweza kumpasua.

Hapa kuna jambo ambalo watu wanaweza kulielewa vibaya, kwa hiyo tuliseme wazi. Utafiti huu haukusema CPN haina faida. CPN inatoa dawa ya kuzuia malaria katika mimba, chandarua, chanjo ya pepopunda, inapima damu na presha, inatafuta virusi vya ukimwi. Hizo ni kazi zinazookoa mama na mtoto. Na mama aliyewahi kupasuliwa, ama aliyewahi kukwama zamani, azae hospitali. Hilo halina mjadala. Kitu ambacho CPN haiwezi kukufanyia ni kukuhakikishia. «Kila kitu kiko sawa» ni habari ya leo. Siku ya kuzaa ina habari yake.

Mzani wa mtoto, na surua

Swali hilo la kutabiri, Kasongo ililiuliza pia juu ya watoto. Kila mama anajua mzani wa CPS na ile karatasi yenye mstari unaopanda. Wengi duniani waliamini kwamba mstari ukilala, mtoto huyo ndiye atakufa, kwa hiyo ukiwajua hao utawaokoa. Timu ya Kasongo ilifuata watoto wa chini ya miaka 5, ikalinganisha uzito wao na yaliyowapata baadaye. Ikakuta kwamba uzito, ama kupunguka kwa mwendo wa kukua, haukutosha kuwatenga watoto watakaokufa na wale watakaoishi. Mtoto mnono anaweza kufa kwa malaria ndani ya siku mbili. Mtoto mwembamba anaweza kuishi mpaka azeeke.

Tena, mzani haukutupwa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaonekana, na lazima atunzwe mara moja. Lakini kumpima mtoto halafu kumrudisha nyumbani bila mtu wa kumtibu siku akiugua ni kuandika tu.

Juu ya surua, habari ni ndefu zaidi. Mwezi wa 4 mwaka wa 1981, gazeti la Lancet la Uingereza lilitoa kazi ya Timu ya Mradi wa Kasongo juu ya watoto wa miezi 7 mpaka 35. Walilinganisha waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Waliochanjwa walikufa kidogo zaidi katika ule wakati ambapo surua inashambulia sana. Lakini kadiri miezi ilivyoendelea, faida ile ilionekana kupungua. Timu ikaonya: ukimwokoa mtoto na surua halafu ukamwacha bila matibabu ya malaria, ya kuhara, ya kifua, magonjwa mengine yanamngoja njiani.

Maneno yale yalileta ubishi mkubwa. Mtafiti mwingine, Peter Aaby kutoka Denmark, aliyeanza kazi Guinea-Bissau mwaka wa 1978, aliona kinyume: kwake watoto waliochanjwa waliendelea kuishi zaidi, hata kupita hesabu ya surua yenyewe. Mwaka wa 1995 yeye na wenzake walikusanya tafiti za inchi mbalimbali, Zaire ikiwamo, na wakakuta chanjo ilipunguza vifo vya watoto sana. Ndivyo sayansi inavyoenda: mmoja anahesabu, mwingine anahesabu tena, na ukweli unazidi kuonekana. Kwa mzazi, pande zote mbili zinaleta uamuzi mmoja. Mtoto achanjwe. Na sentre iwe na dawa siku atakapougua kitu kingine.

Na tusidhani surua ni habari ya zamani. Mlipuko ulioanza 2019 ulifika kila jimbo la inchi hii na uliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo.

Kutoka Kasongo mpaka Alma-Ata na kurudi

Mwezi wa 9 mwaka wa 1978, mataifa yalikutana mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, ndani ya Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, na kutangaza kwamba matibabu ya msingi ndiyo njia ya afya kwa wote. Wakati tangazo linasomwa, wauguzi wa Kasongo walikuwa na miaka 7 wakifanya kazi hiyo.

Kasongo haikuwa peke yake. Mahali pengine pa Kongo kama Kisantu, Vanga na Karawa palikuwa na majaribio ya namna hiyo. Kutoka majaribio hayo, katika miaka ya 1980, serikali ikaigawa inchi nzima katika zoni za afya 306: kila zoni na hospitali yake kubwa, na chini yake sentre, kila sentre na eneo lake. Leo zoni zimefika 519. Maniema iko na 18, na upande wetu wa kusini ziko Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Unaposikia redioni «médecin chef de zone ametangaza…», ile kazi yake na ule mpango wake vina mzizi katika udongo huu.

Na mwaka wa 2008, Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti kubwa ya kurudisha matibabu ya msingi mbele, aliyeongoza kuiandika alikuwa Wim Van Lerberghe, yule yule aliyehesabu vitanda vya hospitali ya Kasongo.

Halafu mambo yakaharibika, kama unavyojua. Mwaka wa 1990 ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire ulikatika. Ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998. Watafiti waliohesabu vifo vya mashariki ya Kongo baada ya hapo walisema neno ambalo halipaswi kusahauliwa: sehemu kubwa ya watu hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, kifua, uzazi. Walikufa kwa sababu sentre ilikuwa imefungwa, ama haina dawa, ama njia ya kwenda haikupitika. Yaani kile ambacho Kasongo ilionyesha kwa kujenga, vita ilikionyesha tena kwa kubomoa.

Basi tufanye nini?

Daraja na barabara ni mzigo wa serikali, na tutaendelea kuwauliza wakubwa kwenye mikrofoni. Lakini kuna mambo ambayo somo la Kasongo linaweka mikononi mwetu.

La kwanza, mimba yoyote ipangiwe safari, hata ile inayoonekana nzuri kabisa. Mwezi wa 7 usipite kabla familia haijakaa kuongea: ni pikipiki ya nani, franka ziko kwa nani, nani atabaki na watoto, nani anaweza kutoa damu. Anayesema kwamba kupanga hivyo ni kuita mabaya, mjibu kwamba tunabeba mwavuli bila kuita mvua.

La pili, usingoje asubuhi. Damu inatoka, mama anapata degedege, kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, homa kali, maji yamevunjika lakini uchungu hauji, ama uchungu umepita saa 12 bila mtoto kutoka: hayo ni ya kuondoka saa hiyo hiyo.

La tatu, pita sentre kwanza. Kukimbilia hospitali kubwa na homa ya leo kunakumalizia franka na kunajaza nafasi ya mwenye kukwama. Na ukitumwa hospitali, ubebe karatasi ya muuguzi. Karatasi hiyo inamwokolea daktari muda, na muda ndio damu.

La nne, tunza fishi. Usiitumie kufungia karanga. Ukipewa karatasi ya mtoto ama ya CPN, iweke mahali pakavu. Na muuguzi anapokuuliza jina la kijiji, umri, uzazi wa ngapi, usione anapoteza wakati. Bila majibu kama hayo ya mama zetu na bibi zetu, dunia isingejua ile asilimia 71.

La tano ni kwa wale wa CODESA na wa reko. Rejista ya sentre ni mali ya wakaaji pia. Majina ya wagonjwa ni siri na yabaki siri, lakini hesabu si siri. Ulizeni kila mwezi: watoto wangapi walichanjwa, akina mama wangapi walizalia hapa, wangapi walitumwa hospitali, na kati yao wangapi walifika? Swali hilo la mwisho peke yake linaweza kuonyesha kasoro ambayo hakuna mkubwa wa Kindu ama Kinshasa anaiona.

Kazi zile za Timu ya Mradi wa Kasongo ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, katika magazeti yasiyofika sokoni kwetu. Akina mama zaidi ya 3,000 waliotoa historia zao wengi wamezeeka sasa, na wengine wametutoka. Huenda mmoja wao ni bibi yako. Alipokaa kwenye benchi ya sentre akijibu maswali ya muuguzi, alikuwa anafundisha dunia, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia. Leo jioni, ukipita kwake, mwambie. Halafu mwulize mjukuu wake mwenye mimba kama pikipiki imeshapatikana.